Mahari Niliyoikusanya Sokoni Butembo

Kila Alhamisi, kwa mwaka mmoja na ushee, nilikuwa naota nikiwa macho. Tulitoka Beni alfajiri tukisindikiza malori yaliyokwenda kuchukua mahitaji ya kikosi, jasho likitutiririka ndani ya fulana za kuzuia risasi, na barabara ilipoanza kupanda kuelekea Butembo joto lilibaki nyuma kidogo kidogo. Kwanza vumbi jekundu, halafu mikaratusi, halafu ukungu. Ukungu ule uliingia ndani ya gari na harufu ya moshi wa kuni na udongo uliolowa, na mimi niliyezaliwa milimani Njombe nilifumba macho nikawa kwetu. Viazi vile vile, baridi ile ile, akina mama wale wale wenye masweta wanaopandisha mlima na mizigo mgongoni. Mwenzangu wa Lindi alikuwa akitetemeka na kulaani. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu, na aliponiuliza nacheka nini, nilimwonyesha ukungu.

Nilikuwa koplo wa mawasiliano katika kikosi cha kulinda amani. Watu wakisikia hivyo hudhani maisha yangu yote kule yalikuwa mizinga na mahandaki. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya askari ugenini ni kungoja, na katika kungoja huko mtu hula, hufua, hupiga simu nyumbani, na hutumia hela. Kambini kulikuwa na kantini iliyouza kila kitu kwa dola: biskuti za kopo, juisi, sabuni za kunukia, soseji zilizotoka nchi ambazo hata kwenye ramani ningezitafuta kwa taabu. Wenzangu walikuwa wakiingia mle mikono mitupu na kutoka wamekumbatia maboksi. Mimi sikuingia. Waliniita mkono wa birika, na nilikubali jina hilo bila ugomvi, kwa sababu nilijua ninachokitafuta.

Nilikuwa nakusanya mahari.

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo penye kidonda. Mke wangu nilimtorosha. Tulipendana, nikapangiwa kituo kingine ghafla, sikuwa na muda wala hela, tukaondoka pamoja kwa basi la asubuhi kama watu waendao msibani. Baadaye nilijenga nyumba hatua chache kutoka kwa wazazi wake, tukapata watoto wawili, na katika miaka yote tisa baba yake hakuwahi kutia hata tonge moja mdomoni nyumbani kwangu. Alipita Jumapili akitoka kanisani, akasimama nje ya ua, akawasalimu wajukuu, akakataa hata maji. Hakuwa na ukali. Kwetu mzee hawezi kula kwa mwanaume ambaye hajajitambulisha ukweni kwa mahari, na mimi nilikuwa sijajitambulisha. Mke wangu alikuwa anaandaa chakula kila Jumapili hata hivyo, kisha anakifunika.

Mara moja nilikwenda kwao. Nilipeleka kama nusu ya walichotaja, nikiwa nimevaa suti ya kuazima. Baba mdogo wa mke wangu, mtu wa maneno mengi, alizitazama zile noti akauliza kwa sauti, "Huyu ameleta mahari au ametoa rambirambi?" Nyumba nzima ikacheka. Mzee mwenyewe hakucheka. Alisema tu, "Weka hapo, mwanangu, tutaongea." Lakini mimi masikio yalikuwa yamepata moto. Nilizoa hela zangu mkekani, nikaapa mbele yao kwamba nitarudi siku nimeshika yote, mpaka senti ya mwisho, niiweke kwa mpigo nione nani atacheka. Nikatoka. Nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akinionya tangu utotoni, na siku ile zilinipeleka hadi barabarani kabla sijajua nimeinuka.

Kwa hiyo misheni ilipotangazwa, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Posho ya mwaka mmoja na nusu, nikijibana vizuri, ingetosha mahari, ng'ombe wa faini ya kutorosha, na blanketi la mama mkwe. Na soko la Butembo ndilo lililonifundisha kujibana.

Nikilikumbuka soko lile sasa, halinijii kama mahali. Linanijia kama usingizi wa asubuhi, ule mtu anasikia sauti za nyumbani lakini hajafungua macho. Maturubai yanadondosha umande. Pikipiki zimebeba mabunda ya ndizi hadi dereva haonekani. Mtu anaita, mwingine anaitika kwa Kinande cha wenyeji, halafu ghafla neno la Kiswahili ninalolijua linapita karibu na sikio langu, nalo limevaa nguo ngeni. Nilikuwa naelewa na sielewi. Wakati mwingine niliacha kujitahidi, nikatembea tu kati ya mafungu ya viazi na marundo ya mkaa, na maneno yakanipitia mwilini.

Mama niliyekuwa nanunua kwake aliketi mwisho wa safu ya nafaka. Alikuwa mjane wa makamo, kofia ya sufu kichwani, rozari shingoni, kikwembe, yaani kitenge, juu ya kikwembe kwa ajili ya baridi. Aliuza maharagwe ya Musienene, viazi, na samaki waliokaushwa kutoka Kyavinyonge, kule ziwani. Siku ya kwanza nilimpa noti ya dola tano. Aliinua juu, akaigeuza kwenye mwanga, akanirudishia kwa huruma.

"Hii franga iko mugonjwa," akasema. "Angalia, iko na kidonda hapa. Hapana mutu atakamata."

Kidonda chenyewe kilikuwa mpasuko mdogo pembeni, usiozidi ukucha. Nilibisha. Nilimwambia hiyo ni hela ya halali ya serikali kubwa duniani. Akanitazama kwa utulivu, akasema hata mutu wa serikali kubwa akiwa mugonjwa anakwenda hospitali. Mwenzangu wa Lindi alicheka hadi akaegemea nguzo ya kibanda. Nilitoa noti nyingine, na toka siku hiyo nilizihifadhi noti zangu katikati ya daftari, zimenyooka.

Ndivyo nilivyopata kuwa kiliya wake. Kiliya ni mteja, lakini ni zaidi ya mteja. Ukishakuwa kiliya wa mtu, una mahali pako sokoni. Alinijua kwa jina la Tanzania. Alinipimia maharagwe kwa kopo, akalijaza likafanya kilima, na nilipofungua mfuko akachota gao la kiganja akaongeza. Hiyo nyongeza wanaiita matabishi, na nilijifunza upesi kwamba haidaiwi wala haipimwi. Alikuwa akiitoa huku anatazama pembeni, akiongea habari nyingine. Mara ya kwanza nilimshukuru sana, akakereka.

Kambini nilikuwa napika kwenye jiko dogo la mafuta nyuma ya hema la redio. Maharagwe ya Musienene yanaiva upesi na supu yake ni nzito. Nilitia kipande cha samaki mkavu, nikala na viazi, na harufu ikawa inawatoa wenzangu kwenye biskuti zao. Waliokuwa wakinicheka walianza kuja na sahani. Sabuni nilinunua ya mche, inayokatwa kwa uzi. Ndala nilinunua kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Beni aliyekuwa na lori pia, naye alinichagulia pea ngumu akaniambia za kambini hazimalizi mvua moja. Mwisho wa mwezi, wenzangu wakihesabu kilichobaki, mimi nilihesabu kilichoongezeka. Nilikuwa na furaha ya kijinga sana. Nilimwona baba mkwe usingizini akivuka ua wangu.

Yule mama alitaka kujua. "Basoda benzako banakula mabiskuti," akaniambia Alhamisi moja, ukungu umeshuka hadi hatukuweza kuona kibanda cha tatu. "Weye unakula maharagi. Juu ya nini? Uko na shida gani?"

Nilimweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote kule, hata mwenzangu wa Lindi, lakini ukungu ulitufunika, na yeye alikuwa na sauti ya shangazi zangu. Nilimsimulia basi la asubuhi, suti ya kuazima, ile kejeli ya rambirambi, na jinsi nitakavyorudi na mahari yote kwa mpigo. Nilisimulia vizuri. Nilitarajia asifu.

Aliacha kupanga viazi. "Yote siku moja?"

"Yote, mama. Mpaka senti ya mwisho."

"Mais," akaanza kwa Kifaransa chake, "weye unataka kuoa ao unataka kubafukuza?"

Nikadhani sikusikia. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Kwao mahari ni mbuzi, na mbuzi huja mmoja mmoja, miaka na miaka. "Bwana yangu alikuwa mutu wa Vuhovi. Alilipaka mbuzi kumi. Mbili zilibakiaka. Alikufaka, na zile mbili hazijafika mupaka leo. Kila Noeli bandugu yangu banakuya kuziuliza. Banakula, banalala, banaenda. Mwaka ingine banarudia. Angelimaliza zote, bangekuya kufanya nini kwangu?"

"Kwetu si hivyo," nikasema.

"Ule papa alikuambia nini siku ile?"

"Alisema weka hapo, tutaongea."

Akapiga makofi mara moja, taratibu. "Donc alikufungulia mulango. Weye mwenyewe njo ulifunga."

Sijui hata leo kwa nini maneno yale yalinichoma kuliko kicheko cha nyumba nzima. Labda kwa sababu mwenzangu alikuwa amesimama pale anasikia. Labda kwa sababu nilikuwa nimejinyima mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ya kuwafumba watu midomo, na mwanamke asiyenijua ameitazama siku hiyo akaiona haina maana. Nilimwambia auze maharagwe aachane na ndoa za watu. Nilisema kwa ukali. Alinipimia makopo yangu, akaongeza matabishi kama kawaida akitazama pembeni.

Alhamisi iliyofuata nilinunua kwa jirani yake, mama kijana mwenye maharagwe yale yale. Nilifanya makusudi, nikasimama mahali ambapo yule wa kwanza angeniona. Jirani alinipimia, akapokea hela, halafu mbele ya macho yangu akachota kopo moja kutoka fungu lake mwenyewe, akavuka njia, akamwagia yule mjane kwenye gunia lake. "Kiliya yako huyu," akasema. "Kamata haki yako." Mjane akapokea. Hakunitazama.

Wiki tatu nilinunua hivyo, na wiki zote tatu kopo moja lilivuka njia. Hakuna aliyenigombeza. Nilikuwa nawaadhibu watu ambao wao wenyewe walikwisha kupanga jinsi ya kunisubiri nirudi. Njia nzima ya kushuka Beni nilikuwa nimenuna, na ule ukungu sikuuota tena.

Jumapili moja mchana mke wangu alipiga simu. Beni mtandao ulikuwa unashika vizuri karibu na mnara wetu tu, kwa hiyo nilisimama pale juani nikimsikiliza. Baba yake ameanguka shambani. Wamempeleka hospitali, wamemrudisha. Mkono wa kulia hausogei na mdomo umekwenda upande. Anaongea, lakini maneno yanatoka yamechanganyika, na jana amemwita mke wangu kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani.

"Njoo," akasema mke wangu.

Niliomba ruhusa. Kamanda alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama ni baba mzazi. Nikasema ni mkwe. Akauliza kama nimefunga ndoa na kama ipo kwenye kumbukumbu za jeshi. Nikasema bado mahari. Akatazama meza, akasema ninaelewa utaratibu. Nilielewa. Kwa mila na kwa karatasi, mzee yule alikuwa si mtu wangu, na aliyefanya awe hivyo nilikuwa mimi. Nilirudi kwenye hema la redio nikalia.

Alhamisi nilikwenda moja kwa moja kwa yule mjane. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia habari zote nikiwa nimesimama, bunduki begani, na watu wanapita wananitazama. Nilimwambia nina karibu robo tatu ya mahari sasa, na kwamba nitaituma yote leo leo.

"Hapana," akasema. "Hapana yote. Tuma ya mbuzi moja."

"Mama, mzee anakufa."

"Njo maana. Ukituma yote kwa telefone, unamuzika. Tuma moja. Ile ingine bajue utakuya nayo weye mwenyewe. Leo, mutoto yangu. Hapana kesho."

Aliniita mtoto wake, na mimi nilikuwa nimemtukana. Nilimwomba radhi hapo hapo, nikajikwaa kwenye maneno. Akasema, "Ah, Tanzania, leta mufuko," akanipimia maharagwe.

Ukutani mwa soko kulikuwa na kibanda cha kutuma hela. Mwenzangu wa Lindi alisimama mlangoni akinilinda, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nilimtumia kaka yangu mkubwa hela ya kununua mbuzi mmoja na maneno haya: nenda kwao kesho, usijieleze, sema mdogo wangu ametanguliza huyu, mengine anakuja nayo mwenyewe. Nikaweka namba ya siri. Miaka tisa ya kiburi, na iliisha kwa kubonyeza mara nne.

Kaka yangu alikwenda. Baba mdogo, yule wa maneno mengi, alimzunguka mbuzi akamkagua meno, akatangaza kwamba mbuzi mwenyewe mwembamba, ni wazi alilelewa na mwanajeshi. Watu walicheka. Kaka yangu naye alicheka, mjinga asiye na kiburi, na wakampa kiti. Nilipohadithiwa hilo niliona aibu, halafu nikacheka peke yangu nyuma ya hema. Ilikuwa rahisi namna hiyo tangu mwanzo.

Jumapili, baada ya misa, walimleta mzee nyumbani kwangu. Alishikwa kwapa huku na huku, hatua chache zile zikachukua muda mrefu. Mke wangu alikuwa amepika ugali, kuku na majani ya maboga, na aliiacha simu mezani wazi ili nisikie. Nilikuwa chini ya mnara, jua la Beni utosini, kiganja kimeziba sikio la pili. Nilisikia viti vikiburuzwa. Nilisikia wanangu wakinong'onezana, maji yakimiminwa kwenye beseni, mtu akinawishwa. Kisha sauti ya mke wangu, iliyojaa machozi aliyokuwa anayazuia: "Kula, baba."

Alikula. Nilimsikia akitafuna polepole. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na ilikuwa inauma, kwa sababu nilijua ni kitu ningeweza kukipata mapema, mzee akiwa na mikono miwili, akikata tonge mwenyewe na kunitazama usoni.

Halafu akaacha kutafuna. Sauti yake ilikuwa nzito, ulimi umelegea.

"Nyumba nzuri. Ya nani?"

"Ya mkweo, baba," mke wangu akamjibu. "Yule mwanajeshi."

"Mbona hali na sisi?"

Nilifungua mdomo niseme niko hapa, lakini nilikuwa Beni, na muda wangu ulikuwa umebakiza miezi mitano.

"Ameenda sokoni, baba," akasema mke wangu. "Anarudi sasa hivi."

"Basi tumsubiri," mzee akasema, na akaacha kula.